Mbwa, Farasi na Pundamilia wa Udongo: Soma Kitako Kabla ya Bei

Hapa Stoke-on-Trent, Waswahili tukikutana harusini au msibani hakosekani mtu wa kunitolea simu na kunionyesha picha. Mara ni mbwa wawili weupe wenye masikio ya rangi ya kutu, mara farasi wa kahawia, mara mtoto wa nguruwe aliyevaa nepi. "Mama, huyu ana bei?" Jibu langu kwa kila mmoja ni lile lile: mgeuze. Picha ya uso inanionyesha uzuri tu. Kitako ndicho kinachosema sanamu imetengenezwa na nani, kwa njia gani na zama zipi, na asiyejua hayo matatu hawezi kutaja bei ya haki.

Mimi ni mtu wa Tanga, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupanga vyombo vya udongo katika chumba cha nyuma cha duka la hisani, yaani duka linalouza vitu vilivyotolewa bure na watu ili fedha zikasaidie wagonjwa. Masanduku huletwa mzee akishafariki au akihamia nyumba ya kulelea wazee. Chini ya magazeti yaliyokunjwa wamelala wanyama wa kauri waliokaa rafuni nusu karne. Wengi wao ni wa bei ndogo, wachache ni wa bei kubwa, na lazima mtu awatenganishe kabla wote hawajabandikwa karatasi ya pauni moja. Wenzetu wengi wanaoishi Uingereza hununua vitu vya namna hii kwenye magulio ya Jumapili, pale watu wanapofungua buti za magari yao na kuuza kilichomo. Wengine huachiwa na majirani. Ni haki maarifa haya nao wayapate kwa lugha yao.

Mji wa vyungu

Stoke-on-Trent ni miji sita iliyounganishwa mwaka 1910: Tunstall, Burslem, Hanley, Stoke, Fenton na Longton. Chini ya ardhi yake makaa ya mawe na udongo vilikaa pamoja, na kwa mfinyanzi huo ulikuwa utajiri, kwa sababu tanuri za zamani zilikula makaa mengi kuliko uzito wa udongo uliochomwa ndani yake. Udongo mweupe uliletwa kutoka Cornwall na Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Mfereji wa Trent na Mersey, ambao Josiah Wedgwood wa Burslem aliuzindua mwaka 1766 kwa kuchimba jembe la kwanza, ulikamilika mwaka 1777. Tangu hapo mashua zilileta udongo na kuondoka na sahani zisizovunjwa na mashimo ya barabarani.

Mji ulipokuwa katika kilele chake, tanuri za matofali zenye umbo la chupa zilikaribia 2,000. Leo hazifiki 50, na baadhi yake zimehifadhiwa katika makumbusho ya Gladstone kule Longton. Ukiwa Uingereza, panda treni uje uzione. Ukisimama ndani ya tanuri moja na kuangalia juu kwenye ule mdomo mwembamba, utaelewa kwa nini sanamu mbili za kalibu moja hazitoki sawa. Aliyekaa karibu na moto alipata joto moja, aliyekaa mbali akapata jingine, na rangi zao zikatofautiana.

Ukimaliza Longton, nenda makumbusho ya Hanley ukamwone bundi anayeitwa Ozzy. Ni jagi la udongo la mwishoni mwa karne ya 17, limepambwa kwa uji wa udongo wa rangi mbili, na kichwa chake hutolewa kikawa kikombe. Mwaka 1990 mwenyewe alimpeleka kwenye kipindi cha televisheni cha BBC cha kuthamini vitu vya kale. Kabla ya hapo, nyumbani kwake bundi huyo alikuwa chombo cha kuwekea maua. Yule bundi alikuwa na thamani ya maelfu ya pauni siku zote alizobeba maji na maua. Kilichokosekana ni mtu wa kumtambua.

Mbwa wasio na jina

Wanyama wanaoletwa kwangu kwa wingi ni mbwa wa Staffordshire, jimbo ambalo mji huu umo ndani yake. Huketi wawili wawili, mmoja akitazama kulia na mwenzake kushoto, wana mnyororo wa dhahabu shingoni na kufuli kifuani. Ni mbwa wa aina ya spaniel. Malkia Victoria alikuwa naye mmoja wa jamaa hiyo, akiitwa Dash, na katika karne ya 19 familia ya kawaida ilijivunia kuwa na jozi juu ya rafu ya meko. Kwa kuwa migongo yao ilielekea ukutani, wafinyanzi waliipaka kidogo au waliiacha bila rangi, na sanamu nyingi za aina hii zina mgongo bapa.

Watu wengi wakimgeuza mbwa huyu na kukuta kitako kitupu hukata tamaa. Wasikate. Mbwa wa kweli wa katikati ya karne ya 19 kwa kawaida hana muhuri wowote, maana viwanda vidogo vilivyomtengeneza havikujali kuandika jina. Jihadhari zaidi na yule mwenye maneno mengi kitakoni. Marekani ilipitisha sheria ya ushuru iliyodai kwamba kuanzia mwaka 1891 bidhaa kutoka nje zionyeshe nchi zilikotoka, na ndipo neno "England" lilipoanza kuonekana chini ya vyombo vya hapa. Maneno "Made in England" kwa kawaida ni ya karne ya 20. Kwa hiyo mbwa anayeuzwa kama wa mwaka 1850 huku amepigwa muhuri huo, kitako chake kinampinga muuzaji.

Muhuri usipokuwepo, itazame kazi yenyewe. Mbwa wa zamani walitengenezwa kwa kukandamiza udongo kwa vidole ndani ya nusu mbili za kalibu, kisha nusu hizo zikaunganishwa. Mbwa wa hivyo ni mzito, ukuta wake haulingani unene, na mahali fulani ana kitundu kidogo kama cha pini kilichopitisha hewa ya moto tanurini. Baadaye ikaja njia ya kumimina uji wa udongo ndani ya kalibu na kuumwaga uliobaki. Mbwa wa namna hiyo ni mwepesi, ndani ni laini, na tundu la kitakoni mara nyingi kidole kidogo huweza kuziba. Tundu kubwa ni dalili ya umri mdogo.

Dhahabu nayo inasema. Ya zamani ni tulivu, ina rangi ya joto, na huwa imefifia pale mikono ya wafuta vumbi ilipopita. Dhahabu inayong'aa kama kioo ilienea kuanzia miaka ya 1880. Kisha angalia miguu ya mbele. Kama mguu mmoja au yote miwili imetenganishwa na kifua kiasi kwamba mwanga unapita, mfinyanzi alifanya kazi ya ziada, na mnunuzi hulipa ziada hiyo hadi leo. Uso uutazame mwisho, kwa utulivu. Nyusi, pua na ndevu za mbwa mzuri zimechorwa kwa mipigo michache ya brashi yenye uhakika. Za nakala ya kisasa huwa zimesitasita, au zimebandikwa zikafanana mno mbwa hadi mbwa.

Ufa mdogo mdogo uliotanda juu ya utando wa kioo unaofunika udongo usikudanganye. Utando huo hupasuka wenyewe kadiri miaka inavyopita, lakini hupasuka kwa namna isiyolingana, sehemu hii sana na ile kidogo. Watengeneza nakala huupasua makusudi na kuupaka rangi ya chai, basi unatanda sawasawa mwili mzima. Mchubuko wa kitako pia ukague hivyo hivyo. Mbwa aliyesogezwa juu ya rafu kwa miaka 150 amechubuka pale tu anapogusa mbao. Aliyesuguliwa kwa msasa ana mistari iliyopangika, mpaka mahali pasipogusa kitu.

Kuna ugumu mmoja ambao hata wenye uzoefu huupa muda. Kalibu hudumu kuliko watu. Kampuni ya William Kent ya Burslem iliendelea kutoa sanamu za mtindo wa zamani hadi mwaka 1962, kwa hiyo umbo lile lile la mbwa laweza kuwa la babu au la mjukuu. Ndiyo maana sithamini mbwa wa Staffordshire kwa picha. Namtaka mkononi, nipime uzito wake, nipapase kitako chake.

Hao wafinyanzi walikuwa watu gani? Mwanzoni mwa miaka ya 1840, mkaguzi aliyetumwa na serikali, Samuel Scriven, alizunguka viwanda vya hapa na kuandika habari za watoto waliofanya kazi humo tangu alfajiri, wakikimbia na kalibu kati ya meza na vyumba vya joto. Sanamu za bei nafuu mara nyingi zilipakwa rangi na watoto. Nikimshika mbwa ambaye jicho moja limeteleza kidogo, namkumbuka mtoto huyo. Wanunuzi wengine husema kasoro hupunguza bei. Kwangu jicho hilo ni ushahidi kwamba mkono wa mtu ulipita hapo, na nalieleza kwenye kila karatasi ya bei ninayoandika.

Pundamilia mwenye singa za farasi

Katika sanamu za Staffordshire yuko pundamilia, na huyu Mswahili humtambua kwa haraka kuliko Mwingereza. Singa zake zimelala shingoni, ndefu na zenye mawimbi, kama za farasi. Sisi tuliomwona Mikumi au Tsavo tunajua kwamba singa za pundamilia ni fupi na husimama wima kama brashi. Sababu ni kwamba viwanda vilikuwa na kalibu za farasi tayari, na kutengeneza kalibu mpya ni gharama. Farasi alipakwa milia, akauzwa kama pundamilia kwa wateja ambao wengi wao hawakuwahi kumwona.

Kosa hilo la maumbile halimpunguzii bei. Ni alama ya zama zake, na pundamilia wa karne ya 19 aliye mzima hutafutwa sana, hasa akiwa na mwenzake. Hivyo ukimkuta gulioni usimwache kwa kuwa "si pundamilia". Mgeuze na umkague kama ulivyomkagua mbwa.

Na tusidhani elimu hii ni ngeni kwetu. Watu wa pwani walikusanya kauri karne nyingi kabla ya Victoria. Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na zidaka zilizopangwa bakuli na sahani kutoka ng'ambo, na makaburi ya nguzo ya Kunduchi yalipambwa kwa sahani za Kichina. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, vipande vya kauri za Kichina na za nchi za Kiislamu vilimsaidia kukadiria umri wa misikiti na majumba. Kusoma kipande cha chombo ili kujua wakati ni elimu iliyokwisha kuifaa historia yetu.

Beswick: namba, rangi na muhuri

Kutoka Longton tunapata jina jingine la kukumbuka, John Beswick. Kampuni ya ukoo huo ilianza katika miaka ya 1890, na mwaka 1939 ikamwajiri Arthur Gredington kuwa mfinyanga sanamu wa kudumu. Gredington aliwatazama wanyama kama daktari wa mifugo. Farasi na ng'ombe wake wana misuli, mishipa na mkao wa kweli, hata wafugaji waliwanunua ili kuwaweka mezani kama mfano wa fahali wao waliopata zawadi kwenye maonyesho ya kilimo.

Beswick ni rahisi kumsoma kwa sababu maumbo yake yalipewa namba, na kwenye sanamu nyingi namba hiyo imekandamizwa kitakoni pamoja na jina. Farasi mkubwa wa kukokota, yule jike wa aina ya Shire, ni namba 818, na alitengenezwa kuanzia mwaka 1940 hadi miaka ya 1980. Wanyama wadogo, ambao kwato zao hazikuwa na nafasi ya muhuri, walitoka na karatasi ya kubandika tu, na karatasi hudondoka.

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha au huzipata. Wanaona namba 818 na kuamini kwamba namba ndiyo bei. Namba ni umbo. Bei iko kwenye rangi. Farasi wa kahawia alitengenezwa kwa wingi, na leo huuzwa kwa makumi ya pauni tu. Umbo lile lile likiwa la kijivu chenye madoa kama farasi wa mbao wa watoto, au la buluu, huweza kufika mamia na kuzidi, kwa sababu rangi hizo zilitoka chache. Kwa hiyo ukisoma namba, rudi ukamtazame mnyama mwanga wa mchana.

Beswick ndiyo pia iliyotengeneza sanamu za wanyama wa hadithi za watoto za Beatrix Potter. Wazo lilitoka kwa Lucy Beswick, mke wa mkurugenzi, na kundi la kwanza la sanamu kumi lilitoka mwaka 1948, bata Jemima Puddle-Duck akiwemo. Kwa hawa, angalia rangi ya muhuri. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 muhuri ulikuwa wa dhahabu, kisha ukawa wa kahawia. Mnyama yule yule akiwa na muhuri wa dhahabu humzidi bei mwenzake wa kahawia. Anayetafutwa kuliko wote ni Duchess, mbwa mweusi aliyeshika maua, ambaye alitengenezwa kati ya mwaka 1955 na 1967 na hakununuliwa sana wakati huo. Aliyekosa wanunuzi zamani ndiye adimu leo, na kanuni hiyo utaikuta tena na tena.

Mwaka 1969 Beswick ilinunuliwa na Royal Doulton, na mwaka 2002 kiwanda cha Longton kikafungwa. Wanawake waliopaka rangi wanyama hawa bado wako mitaani kwetu. Kwenye sanamu nyingi za viwanda vya hapa utaona kitakoni herufi au nukta ya rangi iliyowekwa kwa brashi. Hiyo ni alama ya mpaka rangi, ili kazi yake ijulikane na ahesabiwe malipo. Usiifute ukidhani ni uchafu. Mara nyingi ndiyo saini pekee aliyoiacha duniani.

Wade: wadogo wa senti na nguruwe wa benki

Sanamu ndogo zinazoenea kiganjani, zenye mistari midogo chini na maneno "Wade England", ni za kampuni ya George Wade ya Burslem. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kampuni hiyo ilitengeneza vifaa vya kauri vya umeme kwa kukandamiza unga wa udongo ndani ya kalibu za chuma. Vita ilipokwisha na kazi hiyo kupungua, mashine zile zile zikaanza kutoa wanyama. Walizinduliwa mwaka 1953 kwa jina la Whimsies, na bei yao ililingana na senti za mfukoni za mtoto. Wale wa mwanzo, wa kati ya mwaka 1953 na 1959, wana bei, hasa wakiwa ndani ya kisanduku chao.

Kundi la pili, la mwaka 1971 hadi 1984, ni wanyama 60, na humo wamo simba, kiboko, kifaru, twiga na pundamilia. Hawa walitoka kwa mamilioni. Sanamu kama hizo pia ziliwekwa ndani ya paketi za majani ya chai ya Red Rose, kwanza Kanada, baadaye Marekani. Mtu akikuonyesha sanduku lao na kukutajia mamia ya pauni, mwache na sanduku lake. Mmoja mmoja ni pauni moja au mbili. Wape watoto wachezee, ndilo kusudi lao la tangu mwanzo.

Nguruwe wa benki ni habari nyingine. Mwaka 1983 benki ya NatWest ilifungua akaunti ya watoto. Mtoto aliyeweka pauni 3 alipewa Woody, kichanga aliyevaa nepi. Akiba ilipofika pauni 25 alipata Annabel, 50 Maxwell, 75 Lady Hilary, na 100 Sir Nathaniel, baba wa familia, na ilibidi muda upite kati ya nguruwe mmoja na mwingine. Hebu fikiri ni watoto wangapi walifika mwisho. Ndiyo maana Woody wamejaa kila gulio na Sir Nathaniel ni wachache. Nakala za bandia zipo, kwa hiyo mgeuze, utafute jina la Wade, na uhakikishe kizibo chake cha mpira kipo.

Mguu uliounganishwa

Siku moja alinijia kijana wa Kigoma anayefanya kazi kwenye ghala la mizigo, amemfunga farasi wa Beswick kwa taulo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nani huyo?"

"Farasi wa kijivu. Aliyeniuzia alisema ni mzima kabisa."

Nikazima taa na kumulika miguu kwa tochi ndogo ya mwanga wa urujuanimno, ile wanayokagulia noti. Juu ya kwato ya nyuma palitokea pete ya rangi tofauti na mwili mzima. Mguu ulikuwa umevunjika, ukaungwa kwa gundi na kupakwa rangi juu. Nikamwonyesha njia nyingine isiyohitaji tochi, kugusisha jino taratibu. Utando wa kioo ni baridi na mgumu, rangi ya kiraka ni laini na haina ubaridi ule. Farasi wake bado alikuwa mzuri, lakini thamani yake ilikuwa imeshuka mbali na ile ya mzima, naye alistahili kuelezwa hilo kabla ya kulipa.

Farasi huvunjika miguu na masikio, mbwa hupoteza ncha ya pua, ng'ombe pembe. Anzia hapo. Kisha kiweke chombo kwenye kiganja na ukigonge kwa kucha: kizima hutoa sauti ya wazi, chenye ufa huitika kwa sauti iliyokufa. Usiunge mwenyewe kwa gundi ya dukani. Usikioshe kwa maji ya moto wala mashine ya vyombo, maana dhahabu ya zamani hutoka. Kitambaa chenye maji ya vuguvugu kinatosha. Na unapomnyanyua mnyama, shika kiwiliwili kwa mikono miwili, kamwe si mguu wala mkia.

Bei ni kilicholipwa

Sasa turudi kwenye lile swali la harusini. Bei anayoiomba muuzaji mtandaoni si thamani. Mtu anaweza kuomba pauni elfu kwa nguruwe wa pauni kumi, na tangazo lake likakaa miaka. Tafuta bei za vitu vilivyokwisha kuuzwa, kwenye tovuti za mauzo na kwenye matokeo ya minada. Linganisha umbo lile lile, rangi ile ile, muhuri ule ule na hali ile ile. Ukipata mauzo kadhaa yanayokaribiana, hiyo ndiyo bei ya soko.

Ujue pia kwamba sanamu moja ina bei tatu. Ipo ya dukani, ambayo ni ya juu kwa kuwa mwenye duka analipa kodi ya pango na kungoja mteja. Ipo ya mnadani, ambapo mnunuzi huongeza asilimia ya dalali na muuzaji naye hukatwa ya kwake, kwa hiyo uliza makato yote kabla ya kuacha kitu chako. Na ipo ya haraka, anayokupa mchuuzi papo hapo akiwa na faida yake kichwani. Zote tatu ni halali. Dhuluma ni kumpa mtu ya tatu ukimwambia kwamba ndiyo ya kwanza.

Nawaambia wenzangu kwa moyo mweupe: msinunue wanyama hawa kama akiba ya uzeeni. Sanamu nyingi za Beswick na Staffordshire zina bei ya chini leo kuliko miaka ya 1990. Waliozikusanya wamezeeka, nyumba zao zinahamwa, na vijana hawana rafu za meko. Vitu vingi vimeingia sokoni kwa pamoja. Adimu na nzima bado hugombewa, za kawaida zimeshuka. Kwa anayependa, huu ni wakati mzuri, kwa sababu jozi ya kweli ya karne ya 19 imefikika kwa mtu wa mshahara wa kawaida. Nunua unayempenda, aliye mzima, unayejua alikotoka.

Na ukishamnunua, andika. Karatasi ndogo inatosha: jina la kiwanda, namba ya umbo, ulimpata wapi na lini, alikuwa wa nani, ulilipa kiasi gani, kasoro yake ni ipi. Iweke pamoja naye. Masanduku ninayofungua karibu yote hayana karatasi hiyo. Mwenye habari amezikwa nayo, na watoto wake wanabaki kubahatisha kama mbwa wa bibi yao ni wa mwaka 1860 au 1960. Nimeshuhudia mara nyingi kwamba sanamu yenye maelezo ya ukoo wake hununuliwa kwa imani na hutunzwa kwa heshima, na ile bubu hupelekwa kapuni pamoja na vikombe vya kawaida. Bei hupangwa na soko, na soko hubadilika. Historia ya kitu hutunzwa na aliyekishika kwa sasa, na kama ni wewe, kalamu iko mkononi mwako.